Siku Niliyovuka Feri na Bendeji

Mke wangu nilimweleza jambo hili tukiwa tumeshazaa watoto wawili, na hata hapo nilikuwa nimempa mgongo kwa aibu, kwa hivyo nanyi mkinicheka, nichekeni taratibu.

Miaka ya tisini kampuni yetu ya Changamwe ilichagua baadhi yetu wafanyakazi tukajifunze huduma ya kwanza, na mwalimu, muuguzi mmoja mkali, alipotaka mtu wa kujifanya mgonjwa, mkono wangu ulikuwa wa kwanza kupanda (mgonjwa hulala chini wenzake wakihangaika, na kwa uvivu mimi sijambo). Wakanifunga kichwa, wakaning'iniza mkono shingoni kwa kitambaa, wakapaka dawa nyekundu ionekane damu, na jioni kila mtu alipokuwa anakunja bendeji zake mimi nikajiambia, ngoja kwanza, msongamano wa feri wa saa kumi na moja naujua, na mgonjwa hapangi foleni.

Na kweli sikupanga. Watu walinipisha, bibi mmoja akanisomea dua, nikaona haya lakini si za kunitosha, tena nikaongeza na kuchechemea, mguu wenyewe wala haukufungwa. Ndipo nikamwona Bi Saumu, jirani yetu wa Mtongwe, ananitazama kwa mbali, kiganja kinywani. Feri ilipofika Likoni wahudumu walinizuia nisije nikasukumwa, na yeye akashuka na wa mwanzo, akaenda mbio. Hapo niliogopa habari imfikie mama, maana baba yangu alifia bandarini, aliangukiwa na mzigo, na tangu hapo mama ana presha, hata mlango ukibishwa kwa nguvu hukaa chini.

Nilitaka kuzivua bendeji nikimbie, lakini mhudumu mmoja wa feri, Katana, aliyekuwa amemaliza zamu, alishanishika kiunoni. "Sikuachi, ndugu yangu. Nakufikisha hadi kwa mamako." Nikashindwa kumwambia mtu mwema kama yule kwamba nimemdanganya, basi tukaenda polepole njia nzima, mimi nachechemea na yeye ananipa pole.

Uani majamvi ya matanga yalishatandikwa, wanawake wamejaa, na mama yuko katikati anapepewa. Aliponiona hakulia. Alimshukuru Katana, akaagiza maji ya moto, akanikalisha kitako, akaanza kuilowesha ile bendeji ya kichwa isije ikabandua kidonda, anafungua huku anapuliza.

"Pauma hapa, mwanangu?"

Nafasi ya kusema nilikuwa nayo. Nikajibu tu, "Hapana, mama." Akaendelea mpaka kitambaa kikaisha, kisha akanipapasa paji la uso.

"Jeraha li wapi?"

"Yalikuwa mafunzo, mama. Nilitaka kuiwahi feri."

Katana aliondoka bila kuaga. Wanawake nao wakaanza kukunja majamvi, mmoja mmoja, bila kunitazama (wallahi, afadhali wangenitukana). Mama alibaki na bendeji mapajani, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Babako walipomleta amefungwa, walinikataza kumfungua."

Cheti cha mafunzo nilipewa wiki iliyofuata, sikumwonyesha mtu. Na tangu hapo sijajifanya mgonjwa tena, hata kwa mzaha, na mtu akiniambia pole huwa najiuliza kwanza kama naistahili.