Pilipili za Waliokufa

Mama yangu alikuwa na desturi iliyochekwa kule kwetu mlimani Kibabi. Kila alipokwenda kwenye kilio cha mwanamke, aliomba tunda moja la pilipili kutoka shamba la marehemu. Mbegu alizikausha, akazifunga katika ganda kavu la mgomba na kuzitundika juu ya moto wa jikoni. Kila furushi lilikuwa la mwanamke mmoja.

Alipofariki, miaka ya hamsini ikianza, nilirithi shamba na mafurushi yale. Moniteri wa kilimo, aliyetumwa na serikali kutufundisha kulima, alitutaka sote tupande aina moja, ile ndefu nyekundu iliyopendwa sokoni Kashuga, tena kwa mistari. Nilimwamini, na nilipenda kusifiwa. Nilianza kuyatia mafurushi motoni. Mama mdogo, aliyezaliwa nyuma ya mama, alinikuta, akaninyang'anya yaliyobaki.

“Hawa njo bamama wenye uko nachoma,” aliniambia.

Msimu wa pili majani yalijikunja, yakaingia madoa ya manjano, na matunda yakadumaa. Mlima mzima uliugua, kwa kuwa sote tulipanda aina ileile. Jirani yangu alisimama mpakani akitazama.

“Dada, mistari yako iko mizuri. Hata ugonjwa imeifwata bila kupotea.”

Moniteri aliagiza tung'oe kila kitu. Nilimwomba aniachie kona moja, akakubali. Mama mdogo alinirudishia mafurushi tisa, nami nikapanda nusu ya kila moja katikati ya miche iliyougua. Niliogopa. Yakifa na haya, kazi ya mama ingekuwa imekwisha mikononi mwangu.

Saba yalijikunja. La nane lilizaa kwa shida. La tisa lilisimama, majani yamenyooka, matunda madogo kama ukucha, meusi kabla ya kuiva. Mama mdogo aliuma moja, machozi yakamtoka.

“Hii iko ya mwanamke wa Kalembe. Mama yako alitembea siku mbili kwenda kumulilia.”

Tangu hapo sijapanda aina moja peke yake, na shamba langu halijafa tena. Moniteri mwenyewe alikuja kuomba mbegu. Nilimpa, nikamwambia azichanganye na nyingine.

Alipouliza ni aina ngapi mama alikuwa nazo, nilimjibu kwamba sijui. Huenda mafurushi mengine yangesimama pia. Niliyachoma kabla ya kuyahesabu.