Nilichapisha IP ya kompyuta yangu kwenye leso za harusi

Wakuu, salaam aleikum, na msioitikia hiyo, hamjambo.

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Shule niliacha darasa la sita, leo nina studio ya video za harusi hapa Ukunda na kompyuta nimeiunga kwa mikono yangu. Haya nawapa kama yalivyokuwa.

Nilipewa harusi Msambweni. Bibi yake bi harusi yuko Mkwiro, kisiwani, miguu haimruhusu kupanda boti. Mama wa bi harusi akaniambia, "Kaka, mama yangu aione harusi hii. Mengine sitaki."

Nikamwambia hilo dogo. Video naiweka kwenye kompyuta ya nyumbani, mtu anaandika IP yangu, ile namba ya anwani ya intaneti, kwenye simu, anaona.

Leso za sare zilikuwa zinakwenda kuchapwa Mombasa. Nikamshawishi mama tuyaondoe maneno yanayoandikwa chini ya leso, tuweke IP. Kila mgeni aondoke na anwani yangu kiunoni. Nani mwingine angewaza hilo?

Harusi ikapita. Kesho yake stima ikapotea Ukunda, ikarudi. Sikujali.

Mara simu. Bibi wa Mkwiro.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Leso nimeitandaza hapa, wananiandikia namba moja moja. Naona duara linazunguka tu. Huyu mtoto ameolewa au hakuolewa?"

Nikazima router, nikawasha. Hamna. Nikakaa, nikasimama, nikatoka uani, nikarudi. Bibi akapiga tena baada ya adhuhuri, akapiga tena alasiri. Mke wangu akasema, "Baba Salma, keti, utachimba sakafu."

Ndipo nikaleta swali humu jukwaani, na mnajua mlivyonijibu. "Mkuu, umechapa IP ya nyumbani kwenye nguo?"

Mmoja wenu akanieleza kistaarabu. Ile namba ni ya kampuni ya intaneti, router ikizimika wanaweza kukupa nyingine. Tafuta hostname ya dynamic DNS, jina lisilobadilika, halafu weka programu ndogo kwenye kompyuta iwe inalipasha jina hilo habari kila namba ikibadilika.

Nilipojisajili, jina la kwanza likakataliwa, niliacha nafasi katikati. La pili nikatia underscore, ule mstari wa chini, likakataliwa pia. Wanataka herufi, tarakimu na kistari cha kati basi. La tatu likashika. Nikaizima router makusudi, namba ikabadilika, jina likabaki pale pale.

Nikampigia bibi, nikamtajia jina. Nikasikia wakimwandikia. Kisha, "Nimemuona. Mbona amekonda?" Nyuma yake nyumba nzima vigelegele.

Funzo: usichape popote namba ambayo si yako. Mwenye njia bora zaidi aiweke hapa chini. Wa kucheka nao wacheke, lakini wakimaliza waseme kitu.

Hostname ilikuwa bure. Ila mama wa bi harusi alisema leso isiyofungua kitu haivaliwi, nichape upya zote kwa pesa zangu, na maneno yake yarudi.

Shilingi elfu thelathini na moja, mia nne na hamsini.