Galaksi Tuliyokatazwa Kuiona

Siku niliyoripoti kazini katika shule ya Sudi, nikiwa mwalimu wa fizikia peke yangu shule nzima, mkuu wa shule alinikabidhi boksi la chaki na kuniambia maabara itakuja. Haikuja. Nilifundisha umeme bila betri, na lenzi kwa chupa ya maji. Hilo nililisamehe, maana kweli hakukuwa na kitu. La Mtama, shule yangu ya baadaye, sijalisamehe hadi leo, kwa sababu pale kitu kilikuwepo.

Nilihamishiwa Mtama nikiwa mzoefu tayari. Wageni fulani walikuwa wameiachia shule darubini kubwa, ile yenye kioo kilichobonyea cha kukusanya mwanga wa nyota. Mkuu wa shule wa pale aliifungia kwenye kabati la ofisini kwake. Akiitoa, basi ni wageni wamekuja, wapige nayo picha.

Nilikuwa nawafundisha kidato cha nne habari za galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota. Niliwaambia ipo moja ambayo mikono yake imejipinda kama maji yanayokorogwa ndani ya sufuria, na katikati yake kuna shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni ya majua. Shimo lenyewe halionekani. Kinachoonekana ni gesi inayovutwa kuelekea humo: inasuguana, inapata moto, inang'aa kabla ya kumezwa.

Msichana mmoja, Somoe, akauliza, "Mwalimu, wewe umeiona?"

Nikasema sijaiona. Nikaenda kuomba darubini.

"Hilo linatoka kwenye mtihani?" mkuu akauliza.

"Halitoki."

"Basi. Na wazazi wa huku wana dini zao. Ukiwaletea mambo ya mashimo mbinguni, watakuja juu."

Alikuwa hajamuuliza mzazi hata mmoja. Nilitoka pale, nikaenda moja kwa moja kwa babake Somoe, Maalim wa madrasa.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Hayo ni ya Mwenyezi Mungu," akasema. "Kwa nini watoto wafichwe? Hata mimi nataka kuiona."

Tukafuatana mpaka ofisini. Mbele ya Maalim, mkuu wa shule alitoa ufunguo, akafungua kabati.

Baada ya Isha tulipanga foleni uwanjani. Kilichoonekana kilikuwa kidogo tu, wingu jembamba lenye kiini cheupe. Maalim aliinama hapo muda mrefu. "Subhanallah," akasema taratibu. Somoe alitazama, kisha akarudi mwisho wa foleni ili atazame tena.

Hakukuwa na siku nyingine. Wiki haijaisha, nikahamishiwa Lindi mjini kwa "mahitaji ya kazi", na darubini ikarudishwa kabatini. Miaka baadaye nilipita pale, mwalimu kijana akanionyesha. Kioo kilikuwa kimeota kuvu kwa unyevu, hakifai tena. Hakuna aliyewajibishwa.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, afisa elimu alinisifu kwamba nilivumilia mazingira magumu. Ukumbi ukapiga makofi. Zamu yangu ilipofika, nikasema mazingira ya Mtama hayakuwa magumu. Darubini ilikuwepo, wanafunzi walikuwepo, mzazi niliyemuuliza aliridhia, na anga la kule ni jeusi vizuri. Kilichotushinda ni mtu mmoja aliyekuwa na ufunguo.

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Nikakaa, nikala pilau yangu.