Mbili Tu, Raksha

Timu ile ilikuwa mbovu, na hakuna haja ya kuipamba. Ilikuwa timu ya soka ya chuo kimoja cha vijana upande wa mashariki wa Birmingham, na msimu mzima ilitandikwa nyumbani na ugenini, kwenye matope na kwenye nyasi bandia, na mara moja ikatandikwa na timu ambayo nusu ya wachezaji wake walifika mechi imeshaanza. Mabeki waligombana wenyewe kwa wenyewe huku mpira ukipita katikati yao. Kila Jumatano mchana walikwenda wakiimba, wakarudi kila mmoja anaangalia dirisha lake. Aliyewapeleka na kuwarudisha alikuwa Jatinder Singh, dereva wa kujitolea wa basi dogo la chuo.

Jatinder alikuwa ameshavuka miaka sabini. Alizaliwa Nakuru, baba yake fundi wa reli, na alikuwa bado mwanafunzi familia ilipofunga mizigo ikaja Uingereza pamoja na Wahindi wengine wengi wa Kenya wa miaka ile. Hapa Birmingham aliendesha mabasi ya abiria mpaka alipostaafu. Mke wake, Raksha, alikuwa mtoto wa Kisumu. Walikutana kwenye harusi ya watu, na kilichowaunganisha, ukiniuliza mimi, hakikuwa uzuri wa yeyote kati yao. Kilikuwa Kiswahili.

Kipunjabi kilikuwa cha wazee na cha gurdwara, hekalu la Masingasinga. Kiingereza kilikuwa cha kazini na cha majirani. Kiswahili kilikuwa chao wawili, na walikitumia kama walivyokitumia Wahindi wengi waliotoka Kenya: kusema mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia. Zawadi imefichwa wapi, mjomba gani amelewa tena, daktari amesema nini. Binti yao wa pekee, Jasvir, alikua akisikia maneno yale yakimpita juu ya kichwa, asiambulie hata moja. Kilikuwa Kiswahili cha dukani na cha kucheza gololi, ambacho mwalimu angekijaza wino mwekundu, lakini kwa hicho waligombana, wakacheka, wakapendana. Raksha alipofariki, majira ya baridi ya mwaka juzi, Jatinder alibaki na lugha nzima mdomoni na hana wa kumwambia.

Alijaribu kuzungumza naye nyumbani. Haikuwezekana. Sauti yake ilizunguka jikoni ikamrudia, akajiona kichaa. Kwenye usukani mambo ni mengine. Dereva anayejisemesha si kichaa, ni dereva. Kwa hiyo Jasvir alipomtafutia ile kazi ya kujitolea, akidhani baba anahitaji kutoka nje apate hewa, Jatinder aliikubali kwa sababu ambayo hakumwambia.

Mtindo wake ulikuwa huu. Wakitoka kwenye mechi aliwashusha vijana njiani, mmoja Harborne, wawili Edgbaston, wengine katikati ya mji, mpaka anabaki mmoja tu, kipa, aliyekuwa akiishi karibu na stesheni ya Stechford. Kipa huyo aliitwa Tevin. Alikuwa kijana mrefu, mpole, anayeushika mpira kama mtu anayeshika sufuria ya moto bila kitambaa. Alikaa kiti cha mbele, akavaa spika zake kubwa masikioni, akafumba macho. Jatinder alimhesabu kuwa Mjamaika, kwa kuwa miaka yote ya mabasi alikuwa amefanya kazi na Wajamaika, na kwake kila kijana mweusi wa Birmingham alikuwa mtoto wa mmoja wao. Basi alianza.

"Raksha, leo timu napigwa tena," alisema. "Lakini mbili tu."

Haikuwa mbili. Ilikuwa sita, na ya sita alijifunga beki wao wenyewe, Mkongomani aitwaye Gédéon, kwa kichwa kizuri ambacho angekipiga upande wa pili angebebwa juu juu.

"Mimi nakula vizuri," aliendelea. "Jana napika dengu. Jasvir nakuja kila Jumapili, naleta mtoto. Nyumba najaa kelele. Hapana taabu, Raksha."

Hakupika dengu. Alikula mkate mkavu na chai, amesimama. Jasvir alikuwa na kazi yake na nyumba yake na watoto wake wa kupeleka kuogelea, na Jumapili alipiga simu akiwa njiani, ikakatika kila alipoingia chini ya daraja. Lakini Raksha alipokuwa amelazwa, alimuuliza kila siku kama anakula, na kila siku Jatinder alimjibu kwamba anakula. Alipomuuliza kama amelala, alisema amelala kama mtoto. Aliona huo ndio upendo, kumpunguzia. Sasa hakuweza kubadilisha. Angeanzia wapi?

Hivyo Jumatano ndiyo iliyokuwa siku yake. Siku nyingine sita zilikuwa za kuisubiri.

Baada ya Krismasi kocha wao, mwalimu wa michezo aliyeitwa Sukhvinder, alimvuta pembeni. Alimwambia kwamba wakubwa wa chuo wamechoka. Timu ikimaliza msimu bila kupata hata sare moja, mwakani haitakuwepo. Basi litapewa watu wa mpira wa kikapu, na wale wana dereva wao.

"Just one draw, Uncle-ji," alisema Sukhvinder. "That's all I'm asking them for."

Kuanzia siku hiyo Jatinder alikuwa mtu pekee pembeni mwa uwanja aliyeitaka ile sare kuliko wachezaji. Mzee aliyekuwa akingoja ndani ya basi na gazeti lake sasa alisimama kwenye mvua, kilemba kimelowa, akiwapigia kelele mabeki kwa Kipunjabi. Hawakumwelewa, wakaendelea kufungwa.

Kisha, mwezi wa pili, alikuja Moraa.

Walikuwa wamerudi Stechford na Jatinder amesimamisha basi mbele ya nyumba za akina Tevin. Mwanamke aliyevaa sare ya kazi ya kutunza wazee alitoka mlangoni, begi begani, anakimbilia zamu ya usiku. Alimwona mwanawe anashuka, na bila hata kuliangalia basi akasema:

"Tevin, chakula iko kwa microwave. Na umemshukuru huyu mzee, ama unashuka tu kama mzigo?"

Jatinder alishika usukani kwa nguvu. Tangu mazishi hakuwa amesikia sauti nyingine ikiongea lugha ile. Alifungua dirisha kabla hajajua anataka kusema nini.

"Mama, jambo. Wewe natoka Kenya?"

Moraa aliganda, kisha uso wake wote ukafunguka.

"Wuu! Mzee anaongea Kiswahili! Mimi ni wa Kisii. Wewe je?"

"Nakuru. Naacha Nakuru zamani sana."

"Ati Nakuru! Na Tevin hajawahi kuniambia." Alimgeukia mwanawe, ambaye alikuwa anaangalia viatu vyake. "Huyu, mzee, anasikia yote. Kila kitu. Kuongea ndiyo anakataa, mimi nikiuliza kwa Kiswahili yeye anajibu kwa Kizungu. Lakini kusikia, anasikia kuliko mimi."

Ingekuwa siku ya furaha. Mtu amekaa na kiu mwaka na zaidi, ameletewa mtungi mpaka dirishani. Lakini Jatinder hakusikia chochote zaidi ya yale maneno, anasikia yote. Alimtazama Tevin, na Tevin hakumtazama. Aliona aibu iliyompanda mpaka kwenye masikio, aibu ya mtu aliyekuwa akioga akidhani mlango umefungwa. Alimwambia Moraa kwaheri kwa Kiingereza, akaondoa gari.

Toka hapo hakusema tena. Jumatano iliyofuata aliendesha kimya kutoka Harborne mpaka Stechford, na nyingine vivyo hivyo. Aliwasha redio, akaizima. Tevin alikaa kiti kile kile na spika zake, na Jatinder akamchukia kidogo, chuki ya bure, kwa sababu kijana hakuwa amefanya kosa lolote zaidi ya kuzaliwa na mama yake. Timu ikafungwa nne, ikafungwa tatu, ikafungwa tano. Raksha hakuambiwa hata moja.

Alijiambia kwamba msimu ukiisha salama, mwakani Tevin atakuwa amemaliza chuo, ataletwa kipa mwingine, Mwingereza au Mpolandi, na mambo yatarudi kama zamani. Inahitajika sare moja tu. Alishikilia hilo.

Mechi ya mwisho ilikuwa ya ugenini, uwanja mmoja wenye upepo nje ya mji. Na wewe shangaa kama nilivyoshangaa mimi: vijana walicheza. Walifunga bao kipindi cha kwanza, Gédéon huyo huyo, safari hii upande unaotakiwa. Walirudishiwa kipindi cha pili, lakini wakajikaza. Tevin aliruka huku na huku, akapangua mipira ambayo siku nyingine angeisindikiza kwa macho. Bao moja kwa moja, na saa ya mwamuzi inakwenda. Sukhvinder alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Jatinder alikuwa ameacha hata kupiga kelele, alikuwa anaomba.

Ikapigwa krosi. Mpira wa kawaida, wa juu, wa kipa. Tevin akatoka kuufuata, Gédéon naye akaurukia, kila mmoja akiwa na nia njema kabisa. Wakagongana, wakaanguka chini pamoja, na mpira ukadunda polepole mpaka ndani ya goli, hakuna mtu aliyeugusa. Mwamuzi hakusubiri hata waanze upya, alipuliza filimbi ya mwisho.

Sukhvinder aliwakumbatia mmoja mmoja, kisha akaenda kusimama nyuma ya basi peke yake. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Njiani Jatinder aliwashusha kama kawaida, na kila aliyeshuka alimpa mkono, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya msimu mzima. Ndipo wakabaki wawili.

Walikuwa wamesimama kwenye taa nyekundu, bado jua lipo, Tevin alipovua spika zake akaziweka mapajani.

"Uncle," alisema. "Mbona haumwambii tena?"

Jatinder aliangalia mbele. Taa iligeuka kijani, akaendesha.

"Wewe nasikia kila siku?"

"Nilizima music, like, October. Sorry." Kijana alitafuta maneno. "Kwetu hakuna mtu anaongea. Mum anaenda job nikifika, anarudi nikitoka. So nilikuwa naskiza. I wasn't laughing, Uncle. Sijaambia mtu."

Jatinder aliendelea kuendesha. Walipita maduka, wakapita daraja la reli.

"But ulikuwa unamdanganya," alisema Tevin. "Ile siku ya magoli sita, ukamwambia mbili. Kila time ni mbili."

"Yeye nakuwa mgonjwa," alisema Jatinder. "Mgonjwa hapana taka kusikia sita."

Tevin alikubali kwa kichwa. Alizungusha waya wa spika kidoleni, na alipoongea tena aliongea kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kuvunja kitu.

"So nikafikiria, kama magoli unapunguza... Jasvir pia hakuji Sunday. Si ndiyo?"

Basi lilikuwa limeshafika mbele ya nyumba za akina Tevin. Jatinder alivuta breki ya mkono. Alitaka kusema kwamba anakuja, maneno yalikuwa tayari, ameyasema mara nyingi mno hata yakawa yanatoka yenyewe. Alifungua mdomo yakagoma. Alitikisa kichwa, mara moja tu, na macho yake yakajaa. Mwaka na zaidi watu wote walikuwa wamemuuliza kama yuko sawa, wakangoja aseme ndiyo. Huyu hakuwa ameuliza hivyo.

Tevin hakujua la kufanya. Ni kijana, na vijana hawajui. Alichukua begi lake na glavu zake, akafungua mlango, akashuka, kisha akageuka. Ilionekana anatafuta neno la kuagana kwa Kiswahili na hana jingine zaidi ya lile analoachiwa mlangoni kila jioni na mama anayekwenda zamu.

"Lala salama, Uncle," alisema, na jua lilikuwa bado linawaka juu ya mapaa.

"Lala salama, mtoto wangu."

Jatinder alimngoja mpaka akafungua mlango wa nyumba yenye giza, akaingia, akawasha taa. Chuo hakikuwa mbali. Alijua kwamba akifika atarudisha funguo na hatazichukua tena, kwa hiyo hakuondoka. Kiti cha pembeni kilikuwa na matope ya viatu vya kipa. Alikisogelea kidogo.

"Raksha," alisema. "Leo napigwa mbili. Hii ya leo ni kweli."

Alipangusa uso kwa kiganja.

"Jasvir hapana kuja. Jumapili hapana mtu. Mimi nalala kwa kiti, chumba yetu naogopa kuingia. Na Jumatano pia naisha, Raksha. Naisha leo."

Alingoja kidogo, kama alivyokuwa akingoja siku zote baada ya kumwambia jambo. Kisha akawasha indiketa, akaangalia kioo, akalitoa basi taratibu barabarani.