Siku Leso Zangu Zilipopigwa Kama Wimbo

Nichekeni sasa hivi mmalize, maana nikifika katikati mkaanza kuangua vicheko nitanyamaza na mwisho wake hamtaujua. Mimi ni muuza leso hapa Malindi, ulimi wangu umewahi kumrudisha nyumbani na leso mtu aliyetoka kutafuta chumvi, na kuona haya mbele za watu nilidhani ni ugonjwa wa wengine. Lakini siku ile ukumbini, lau sakafu ingekuwa na tundu la kuingia hata kiatu, ningejipenyeza mzima mzima.

Mambo yalianza kwa mdogo wangu, Karisa. Ni mtu mzima mwenye ndevu, ila tangu kuzaliwa mambo humwingia polepole (na yakishaingia hayatoki, hilo nalo mlijue). Shuleni walimrudisha mapema, herufi hakuwahi kuzishika, lakini kibandani kwangu yeye ndiye mpangaji wa leso, nyekundu kwa nyekundu, kijani kwa kijani, na mteja akichomoa moja akairudisha pasipo pake, Karisa atasimama mbele yake kimya mpaka mwenyewe aone kosa lake. Basi akaja Mwalimu Zuhura kufungua darasa la muziki katika ukumbi wa mtaa wetu, akasema anamtaka kila mtu, anayesoma na asiyesoma, anayeona vizuri na anayeona ukungu, anayetembea na anayesukumwa kwa kiti.

Mimi simpeleki mtu wangu mahali sijapakagua, na nikishakagua hukagua tena. Nikaenda. Nikakuta mabomba ya plastiki, yale yale ya maji, yamekatwa urefu mbalimbali na kufungwa kwenye fremu ya mbao, kila moja limepakwa rangi yake, na ukilipiga mdomoni kwa soli ya kandambili linatoa sauti, fupi sauti nyembamba, refu sauti nene. Ukutani kulitundikwa shuka jeupe lililoshonewa viraka vya rangi kwa mstari, na huo ndio ulikuwa wimbo wenyewe ulioandikwa: kiraka chekundu, mwenye bomba jekundu apige, kiraka kipana, sauti ipewe nafasi yake, kiraka chembamba, upige upesi mwenzako aingie. Na kwa wale ambao macho yao hayafiki ukutani, Mwalimu aliinua mkononi kitambaa cha rangi ile ile.

"Mwalimu," nikamwuliza, "na zile do re mi za watu ziko wapi?"

"Zimo humo humo, dada. Zimevaa nguo tu."

Jibu hilo lilinikaa, kesho yake nikamleta Karisa. Nikaomba nijaribu (mimi kitu nisichokielewa hunikosesha usingizi), nikapewa bomba la manjano, nikapiga kabla ya zamu yangu, nikapiga baada ya zamu yangu, nikapiga pasipo zamu kabisa.

"Dada Sidi," Mwalimu akaniambia, "mbona unakimbia kama mtu anayefunga duka? Itazame rangi, usiikisie."

Karisa akanitazama kwa huruma. Yeye alikuwa na bomba la zambarau, refu kuliko yote, lenye sauti ya kutetemesha kifua, na katika wimbo wao lilikuwa likipigwa mara moja tu, mwishoni kabisa. Wenzake wote wanapiga, yeye amesimama na kandambili mkononi, hatikisiki, hapepesi macho, mpaka zambarau ije. Nyumbani nako hakuliacha hilo jambo, alikuwa akipiga mdomo wa mtungi wangu wa maji, bumm, kisha anainama kidogo kama aliyepigiwa makofi. Katika maisha yake yote hakuwahi kupewa kitu ambacho asipokifanya yeye hakimaliziki.

Sasa, kamati ya ukumbi haikulipenda lile darasa. Mwenyekiti wake, Mzee Kombo, alitaka chumba kile kiwekwe viti na masufuria ya kukodisha harusini, na alikuwa akisema waziwazi kwamba watu wale wanapiga kelele tu, hakuna anayejua anachokipiga. Mwalimu akamwomba aje asikilize. Wakaagana hivi: wakipiga wimbo mzima, mwanzo mpaka mwisho, chumba ni chao, wakishindwa, viti viingie.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Asubuhi ya siku ile nilikuwa nimeshafunga kibanda, nimeshavaa, nikalitazama furushi la leso nikajiambia: Sidi, kule kutakuwa na akina mama tele, wamekaa, hawana pa kwenda, hawana cha kutazama ila wimbo mmoja. Utawaacha hivi hivi? Nikajitwika furushi langu. Na kwa kuwa mimi ni dada wa mpigaji, nikajipa kiti cha mbele kabisa, mkabala na mabomba, furushi miguuni.

Wimbo ulianza vizuri, nasema haki. Bi Mwanaisha, yule mama mkubwa mwenye macho ya ukungu, alikuwa kwenye kijani. Juma wa kiti cha magurudumu kwenye nyekundu. Faraja, aliyesoma mpaka chuo kikuu, kwenye manjano. Mwalimu anainua kitambaa, pwa! Anainua kingine, pwa! Mzee Kombo amekunja mikono, lakini kidole kimoja kimeanza kumchezacheza. Ndipo Mama Nyevu, jirani yangu, akanisukuma kwa kiwiko.

"Sidi. Hiyo ya kijani inayochungulia hapo. Hebu niione."

"Mamangu, ngoja wimbo uishe."

"Wimbo ukiisha mie nishaondoka, nimeacha chungu jikoni."

Mnanijua. Nikaivuta nusu. Pwa, kijani ikalia, nami nikadhani ni zamu ya Bi Mwanaisha.

"Ikunjue basi, nitajuaje kama haina doa?"

Nikaikunjua yote, nikaitandaza hewani kama nifanyavyo sokoni, na kijani ikalia tena, safari hii kwa nguvu na mfululizo. Mama Nyevu akasema haimpendezi, niko na nyekundu? Nikatoa nyekundu yenye kati ya manjano. Juma akapiga, Faraja naye akapiga, wakatazamana kama madereva wawili waliokutana kwenye njia nyembamba. Mimi sina habari, niko kwenye bei. Mama Nyevu ananong'ona, nami nanong'ona. Yeye anapandisha sauti kidogo, nami sikubali kuachwa nyuma. Na nyuma yetu kuna mtu anacheka, nikajua anamcheka yeye kwa bei aliyoitaja. Kumbe Mwalimu alikuwa ameshateremsha mikono zamani, na kile kilichokuwa kikipigwa hakikuwa wimbo tena, zilikuwa leso zangu, maana zilikuwa kubwa kuliko vitambaa vyake, na karibu zaidi, na mimi (mfanyabiashara hodari) nilizishika juu zionekane vizuri. Kisha mabomba yakanyamaza yote kwa pamoja, na nikaisikia sauti yangu mwenyewe, peke yake, ukumbi mzima, ikisema:

"Mama Nyevu, kwa bei hiyo hata pindo sikukatii!"

Ningekaa kimya pale, mkasa ungeishia hapo. Lakini mimi nikapata wazo la kuzificha leso upesi upesi. Nikainyakua ya kijani, nikaikunja, nikaisukuma ndani, buluu ikatoka, nikaisukuma buluu, nyekundu ikateleza kutoka mapajani kwa Mama Nyevu, nikaidaka hewani, na kila nilichogusa kilijibiwa kule mbele, pwa, pwa-pwa, pwa, mabomba yote yanapigwa kama mvua ya mawe juu ya mabati, na kadiri kelele zilivyozidi ndivyo nilivyozidi kuharakisha, mpaka furushi likafunguka lote na ikaniruka mikononi ile ya zambarau, ikatandazika yote mbele ya macho ya Karisa.

Bummm.

Alilipiga vizuri sana. Kifua kilinitetemeka. Akainama kidogo kwa watu, akavaa kandambili yake mguuni, akaenda kukaa.

Mzee Kombo akasimama polepole.

"Mwalimu, huo ndio wimbo?"

"La, mzee. Hizo ni leso."

Watu wakavunjika mbavu, wengine wakashikana, na mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu, nikavihesabu, nikavihesabu tena. Mwalimu akamweleza mzee kilichotokea. Mzee akanigeukia.

"Ewe mama, hebu inua moja."

"Shikamoo mzee, mimi nilikuwa tu..."

"Marahaba. Inua."

Nikainua buluu. Pwa. Akaja akaninyang'anya, akainua mwenyewe kijani. Bi Mwanaisha, asiyemwona uso, akaijibu. Akaificha mgongoni, akaitoa ghafla, wakaijibu. Akainua lile shuka langu la kufungia furushi, jeupe, akitaka kuwanasa, hakupiga mtu. Mzee akacheka mpaka kofia ikamwendea kando.

"Kumbe wanasoma hawa!"

"Wanasoma, mzee."

"Haya. Lakini tuliagana wimbo mzima."

Wakaanza upya. Safari hii nililikalia furushi kama kuku anayelalia mayai, na Mama Nyevu nikamshika mikono yote miwili. Wimbo ukaenda, ukapanda, ukashuka, ukafika ukingoni kwake, Mwalimu akainua zambarau.

Hakuna bumm.

Karisa amekaa, mikono kifuani, miguu yote ina viatu. Mwalimu akainua tena. Nikamkonyeza. Nikamwonyesha bomba kwa kidevu. Mwishowe nikasimama mbele ya watu wote, nikaenda kumwinamia, nikaanza kufanya nilichozoea: nikamwahidi soda, nikaongeza mahamri, nikaongeza safari ya Mtwapa kwa shangazi.

"Nishapiga, dada," akasema.

"Piga tena."

"Ni mara moja. Nishapiga."

Na alikuwa na haki, ndilo lililoniuma. Kazi yake ilikuwa mara moja na aliifanya barabara, tena rangi ilikuwa ile ile. Aliyemlia mwisho wake ni mimi, kwa ajili ya leso ambayo hata haikununuliwa. Nilimwona Mzee Kombo akimtazama mjumbe mwenzake wa kamati, nikaviona vile viti vya harusi vimeshaingia, na Karisa akirudi kupiga mtungi wangu peke yake. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na bei ya kutaja.

Mwalimu Zuhura akaja, hakuniangalia kabisa. Akachuchumaa mbele yake na kitambaa mkononi.

"Karisa, ile ulimpigia nani?"

Akafikiri. Mambo humwingia polepole, nimeshasema, na ukumbi mzima ukamngoja.

"Dada."

"Na mimi?"

Akamtazama Mwalimu, akakitazama kitambaa, akanitazama mimi kwa muda mrefu kama anayepanga leso kwenye rafu.

"Wewe bado," akasema.

Akavua kandambili, akaenda kwenye bomba lake, akasimama wima, na Mwalimu alipoinua zambarau, akaumaliza wimbo.

Chumba walipewa. Mzee Kombo alitangaza hapo hapo, na siku hizi huja mazoezini akisema anakagua madirisha (yupo kwenye bomba la rangi ya chungwa, na anaharakisha kama mimi). Ila aliweka sharti moja, akalisema kwa sauti watu wote wasikie: siku ya onyesho, mama wa leso akae nje. Nilijaribu kulipunguza, nikaomba walau mlangoni. Hakushuka.

Kwa hiyo mimi sasa ni mtu wa dirishani, upande wa nyuma, na nimeapa sitakwenda huko tena na chochote chenye rangi. Navaa nyeusi tupu, kwa kuwa bomba jeusi hawana, niliuliza mara mbili. Kutoka pale vitambaa sivioni. Nasikiliza tu, nikijaribu kujua kila sauti ni rangi gani, na nimeanza kupata. Mama Nyevu bado hunifuata huko huko kuniuliza bei ya ile leso ya kijani imebaki kiasi gani, mwisho wake kabisa, na mimi, ambaye sijawahi kumnyamazisha mteja, humwekea mkono mdomoni.

"Ngoja kwanza," namwambia. "Zambarau haijaja."