Kipa Kwenye Fungate

Nimeidakia timu ya taifa miaka mingi, na watu wakinikuta Kariakoo huniuliza mechi ipi ilinitoa jasho zaidi. Wanategemea niitaje ile ya ugenini iliyoishia kwenye penalti. Huwa nacheka tu. Jasho langu kubwa lilinitoka uani kwetu Magomeni, nikiwa bibi harusi, mikono imejaa hina na piko.

Harusi tuliipanga vizuri, ila ratiba ya timu haikutusubiri. Kocha alinipigia simu wiki ileile ya ndoa. Kambi ingeanza mara tu fungate yangu ikiisha, na langoni tungegombea wawili: mimi na binti mmoja mrefu, anayeruka kama amewekewa springi. Nilikuwa nimesota benchi muda mrefu kabla ya kuipata namba ile. Siku saba za kukaa ndani nikila na kulala, namba ingekwenda.

Nikamwomba mama mkwe aniruhusu kutoka, hata asubuhi tu, nikafanye mazoezi. Yeye ana duka la jumla la kanga Kariakoo, na anavyozungumza na wateja ndivyo anavyozungumza na watu wote.

"Mwanangu, kwetu mwali hatoki. Siku saba ni saba."

"Sawa, mama," nikasema kwa adabu zote, kisha nikaingia chumbani nikaupiga mto ngumi. Nilikasirika kweli. Niliona mama wa watu ameshanimaliza, na pilau la harusi bado halijapoa.

Shangazi yangu ndiye aliyekuwa somo wangu, mwenye kazi ya kuniandaa na kunitunza mpaka fungate iishe. Kabla ya harusi alinisugua singo mwili mzima, lakini makovu ya viwiko na nyonga yalimshinda, akayachukulia kama matusi. Aliponikuta nimenuna, alifikiri kidogo.

"Amesema usitoke. Kwani uani ni nje?"

Tukatandika godoro kuukuu uani, kanga mbili zikaning'inia kwenye kamba ya nguo zikawa milingoti. Mimi na glavu zangu, shangazi na mpira. Mume wangu, ambaye Posta ofisini kwake ni bosi wa watu, tukampa kazi ya kuokota mipira. Tatizo lilikuwa shangazi. Alirusha kwa huruma, kama vile ningevunjika.

Kesho yake mama mkwe akaleta chai ya asubuhi, vitumbua na mbaazi za nazi. Alipiga hodi, hatukusikia. Akanikuta niko hewani. Nilitua godoroni, nikainuka nywele zimejaa vumbi.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Aliweka hotpoti chini, akamtazama shangazi.

"Ndiyo kurusha gani huko? Unawamwagia kuku mchele?"

Akavua baibui, akamkabidhi mwanawe. Akavua na viatu. Shuti la kwanza lilinipita ningali nashangaa, likaangusha ndoo ya maji.

"Mama!" mume wangu akasema.

"Mama nini? Nimekua na kaka tupu. Unadhani walikuwa wananipikia uji?" Kisha akanigeukia mimi. "Marahaba. Haya, simama vizuri."

Tangu hapo alikuja kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Alichukia sana nikipangua mpira kwa ngumi. Alisema dukani kwake mzigo ukirushwa unadakwa, haupigwi. Nilicheka fungate nzima mpaka mbavu zikauma, na usiku nililala kama gogo. Sijui bibi harusi gani mwingine amefurahi hivyo.

Kambini nilifika na piko bado kwenye vidole, na namba nikaipata. Mechi ya kwanza tulicheza hapahapa Dar. Mama mkwe alifunga duka, akaja uwanjani na majirani zake wa biashara. Tulishinda mbili kwa moja. Nje ya uwanja watu wakanizunguka, picha huku, hongera kule. Yeye alisimama pembeni na mkoba wake, akangoja mpaka wote wakaisha.

"Lile bao ulichelewa kutoka," akasema. "Kesho uje nyumbani mapema, na hizo glavu uje nazo."

"Sawa, mama," nikamjibu. Machozi yalinilenga, maana hapo ndipo nilipojiona nimeolewa hasa.