Choo cha Diwani

Mkunga alikuwa amepokea nusu ya watoto wa mtaa ule kwa mikono yake mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumwona akibabaika. Wazazi walipiga kelele, waume walizimia koridoni, umeme ulikatika katikati ya kazi, yeye akauliza tu maji ya moto yako wapi. Sasa amestaafu, yuko sebuleni kwake na gauni la kulalia, amepiga magoti mbele ya tundu la ndege, miwani puani na tochi mkononi, anakagua kinyesi. Na mikono ilikuwa inamtetemeka.

Ndege mwenyewe alikuwa kasuku mdogo wa kijani mwenye mkia mrefu, jina lake Diwani, kwa sababu maneno alikuwa nayo mengi na kazi hakufanya hata moja. Hakuwa wa Mkunga. Alikuwa wa mdogo wake, kinyozi wa pale njia panda, aliyebaki peke yake nyumbani tangu mkewe afariki. Mchana tundu lilikaa dukani kando ya kioo, na jioni kinyozi alilibeba wakarudi pamoja. Diwani alikuwa ameokota neno moja tu la kibinadamu, "Anayefuata", naye alilisema hata mteja akiwa bado amenyolewa nusu kichwa. Watu walicheka, na kinyozi alicheka kuliko wote.

Kilichomleta Diwani kwa dada mtu ni macho. Kinyozi alikuwa na mtoto wa jicho, kushoto na kulia, na alikuwa amevumilia mpaka siku mkasi ulipogusa sikio la mteja. Hakuna aliyemgombeza. Wateja walianza tu kuwa na haraka kila wakipita dukani kwake. Mkunga akamtania kwamba amezalisha watoto wa kila aina ila huyo wa jicho, basi aende kwa wenye ujuzi naye. Nafasi ikapatikana hospitali ya mji mwingine, na kinyozi akafika kwa dada yake na tundu, mfuko wa mtama, kipande cha chokaa cha ndege kuguguna, na somo refu.

Somo lilikuwa la choo. Kila asubuhi, kabla hajaweka hata chai jikoni, atoe karatasi nyeupe iliyo chini ya tundu na kuisoma. Kinyesi cha ndege mzima kina sehemu tatu. Kuna uzi mweusi wa kijanikijani uliojikunja, hicho ndicho chakula. Kuna weupe juu yake, huo ni mkojo. Halafu kuna unyevu kidogo pembeni. Uzi ukilegea ukawa uji, ni tatizo. Ikionekana damu, ni tatizo kubwa. Na ule weupe, kinyozi alisema akishusha sauti ndege asisikie, ule wa Diwani si mweupe tena. Umekuwa wa manjano, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, na manjano ni ini. Alikuwa anamtilia dawa ya matone kwenye maji kwa miezi sasa, bila nafuu.

"Ndege hasemi kama anaumwa, dada," alimwambia. "Anajikaza mpaka anaanguka. Choo tu ndicho kitakachokwambia."

Mkunga alijibu kwamba amesoma nepi nyingi kuliko magazeti. Lakini moyoni hakuwa na raha, maana sifa zake za nyumbani zilijulikana. Maua yalimkaukia, samaki wa kwenye chupa walielea wiki ile ile waliyonunuliwa, na paka alihama kwa hiari yake akaenda kuishi kwa jirani. Kinyozi mwenyewe alizoea kusema kwamba mikononi mwa dada yake wanaopona ni binadamu tu. Alimwachia Diwani kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumwachia.

Asubuhi ya kwanza Mkunga akavuta karatasi, akavaa miwani, akaangalia. Weupe ulikuwa mweupe kama chokaa. Akapiga simu kutoa habari njema, na mdogo wake akamwambia aangalie tena, mgeni wa ndege hawezi kuona tofauti. Akafuta miwani, akapeleka karatasi dirishani. Mweupe. Kinyozi akaguna kwa huruma, na Mkunga, mtu asiyekubali kushindwa ovyo, akaanza kuwa na shaka na macho yake mwenyewe.

Huko hospitali mambo hayakwenda. Presha ya kinyozi ilikuwa juu, na daktari alisema hagusi jicho mpaka ishuke, na isiposhuka nafasi atapewa mwingine. Nesi wa wodi akamwita Mkunga kwenye simu, wakaongea kikazi: mgonjwa asipewe habari yoyote ya kumshtua, hata ndogo. Mkunga akaahidi.

Na hiyo ndiyo wiki aliyochagua Diwani kuharibika. Badala ya vitone vidogo vilivyotapakaa karatasi nzima, asubuhi alikuta rundo moja tu, kubwa kupita kiasi kwa ndege wa saizi ile, laini, na lenye harufu iliyomfanya afungue dirisha. Diwani alikuwa anakula kupita kawaida yake na ameacha kusema "Anayefuata". Alikaa kwenye kona ya sakafu ya tundu akichana karatasi vipande vipande, na ukimsogezea kidole anakung'ata kwa chuki. Kile kinundu cha juu ya mdomo, penye matundu ya pua, kilichokuja na rangi ya samawati iliyofifia, kilikuwa kimegeuka kahawia na kuchanikachanika. Simu ikalia.

"Choo vipi?" akauliza kinyozi.

"Safi," akasema Mkunga.

Hakuwa amewahi kumdanganya mgonjwa maisha yake yote. Kesho yake rundo likawa kubwa zaidi, naye akasema safi. Keshokutwa vilevile. Alimtafuta daktari wa mifugo, akaambiwa yuko vijijini anachanja ng'ombe. Kila alipomuuliza nesi habari za presha, jibu lilikuwa lile lile, haishuki, na hakuna anayejua kwa nini, maana mgonjwa chumvi hali na dawa anameza. Mkunga alizunguka sebuleni roho mkononi. Aliona mbele yake mdogo wake anarudi na macho yale yale mabovu, anafungua mlango, anakuta tundu tupu.

Ndipo ikafika asubuhi hiyo ya magoti na tochi. Karatasi ilikuwa na rundo lake, lakini safari hii Diwani mwenyewe alikuwa chini, manyoya yamefura, mabawa yamelegea, mkia unapanda na kushuka, mdomo wazi anahema. Anakufa, Mkunga akajua. Anakufa mikononi mwangu kama samaki wale. Akamwelekezea mwanga, machozi yakimfanyia ukungu kwenye miwani, akawa anamtazama tu kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya.

Mwili wa ndege ukakaza. Ukalegea. Diwani akapumua, akatulia kidogo. Ukakaza tena. Mkunga akashtuka kujikuta anapumua naye, anavuta wakati wa kupumzika, anabana wakati wa kukaza, kama alivyofanya kando ya vitanda visivyo na idadi. Mikono iliacha kutetemeka kabla kichwa hakijaelewa ni kwa nini.

Kisha kichwa nacho kikaelewa, na yote yakamjia kwa mkupuo mmoja. Kula kwingi. Kuguguna chokaa usiku na mchana. Kuchanachana karatasi, kama wale mama wanaopiga deki nyumba nzima siku za mwisho hata uwaambie nini. Kununa. Kile kinundu kubadilika rangi, kama nyuso za wajawazito wengi. Na lile rundo, ee Mungu, lile rundo: ndege asiyetaka kutoka kwenye kiota chake anabana choo mpaka kinamzidi, halafu anaachia chote kwa pamoja. Kila karatasi aliyoitupa ilikuwa imemweleza, naye aliisoma kama cheti cha kifo.

"Diwani," akasema kwa sauti ya kazini, "kumbe wewe ni mama wa watu."

Basi akawa mtu mwingine. Akakimbia jikoni na magoti yake ya ustaafu, akajaza chupa maji ya moto, akaiviringisha taulo na kuilaza ubavuni mwa tundu. Akafunika pande tatu kwa shuka, akafunga dirisha, akazima redio, akamfokea muuza mkaa aliyepita barabarani anapiga kengele. Kisha akakaa kimya karibu, akimnong'oneza apumzike, sasa asukume, apumzike tena, hakuna anayemkimbiza. Moyo wake ulikuwa unapiga kama wa mwanafunzi katika zamu yake ya kwanza. Diwani akajikunja, akatetemeka mwili mzima, akainua mkia. Na juu ya karatasi iliyochanwa likabaki yai, jeupe, dogo kuliko kidole gumba, linang'aa kwa unyevu. Mkunga alisimama akaruka. Sebule ikatikisika, naye hakujali.

Alipopiga simu alikuwa hata hajapanga atasema nini.

"Mdogo wangu, tulia ulale chali. Diwani ametaga."



"Dada," kinyozi akasema, na sauti ilikuwa imepasuka, "yuko hai?"

Mkunga hakuelewa. Ikabidi mdogo wake amweleze. Alikuwa amejua tangu ile "safi" ya kwanza kwamba anadanganywa. Hakuna ndege duniani mwenye choo safi kila siku, na dada yake, anayeweza kukusimulia kikohozi kwa nusu saa, alikuwa anajibu neno moja na kukata simu. Akahesabu kwamba Diwani amekufa, amezikwa nyuma ya nyumba, na wanangoja apasuliwe ndipo aambiwe. Alikuwa anamlilia ndege chini ya shuka ya hospitali, halafu asubuhi wanakuja kumpima presha na kushangaa.

Mkunga akakaa chini. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa anaizuia presha isishuke.

Basi akamwambia kila kitu, hakuacha hata harufu. Akamsimulia rundo kwa ukubwa wake, rangi yake na ulaini wake, kwa sauti iliyosikika wodi nzima kupitia simu ya kinyozi, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaanza kuuliza maswali. Kinyozi alianza kucheka polepole, kisha akacheka mpaka nesi akaja mbio.

"Na baba ni nani?" akauliza akifuta machozi.

"Hilo sijawahi kumuuliza mzazi yeyote," akasema Mkunga, "na sitaanza leo."

Yai lisilo na baba halitoi kifaranga, hilo wote wawili walilijua, na hakuna aliyelitaja. Kinyozi alilala mchana ule usingizi mzito, wa kwanza tangu aondoke nyumbani. Alipoamshwa kupimwa, nesi alirudia kipimo kwa kutoamini, na siku iliyofuata wakampeleka kupasuliwa jicho.

Alirudi akiwa amefunguliwa jicho la kushoto, mguu mosi mguu pili, akishika ukuta kwa mazoea tu. "Anayefuata," Diwani alimwita kutoka kwenye kona yake bila kunyanyuka juu ya yai. Kinyozi alisimama mlangoni. Kisha, badala ya kumwendea ndege, akaomba karatasi ya asubuhi.

Mkunga akampa. Akaipeleka dirishani, akafumba jicho bovu na kuangalia kwa lile jipya. Halafu akafumba jipya na kuangalia kwa lile bovu. Akarudia hivyo mara nyingi, huku uso wake ukibadilika.

"Ni mweupe," akasema. "Kwa jicho hili ni wa manjano, kwa hili ni mweupe. Dada, nilikuwa namtibu Diwani ini kwa ugonjwa wa macho yangu."

Akageuka ili wacheke pamoja, lakini kicheko hakikutoka. Alikuwa anamtazama dada yake chini ya mwanga wa dirisha. Akanyoosha mkono, akamshika kichwa kwa vidole vya kinyozi, akakiinamisha taratibu upande huu na upande ule. Mkunga, aliyepokea vichwa vya nusu ya mtaa, alitulia cha kwake kishikwe.

"Kimekuwa hivi tangu lini?" mdogo wake akauliza. "Mimi najua una nywele nyeusi zenye mvi za hapa na pale. Hiki chote ni cheupe. Cheupe safi."

Mkunga alihisi machozi yanamjia, akayarudisha.

"Usinisomee kichwa kama choo cha ndege," akasema, wala hakukitoa mikononi mwake.